Ukuta Uliobishiwa Hodi

Tulifika Ibra adhuhuri, mimi na baba, juu ya lori la mizigo lililoondoka Maskati kabla jua halijachomoza. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nchi ndiyo kwanza inafunguka, na sisi tuliozaliwa Unguja tulikuwa tukirudi makundi kwa makundi katika nchi ambayo wengi wetu hatujapata kuiona. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama alikwisha kufariki. Baba alikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Unguja aliifanya kazi hiyo tangu ujanani, katika ofisi ya serikali, mpaka ilipokuja siku akaambiwa asirudi tena. Sanduku lake la bati lilikuwa na kanzu tatu, rula ya mti na utepe wa kupimia uliokunjwa ndani ya mfuko wa ngozi.

Nyumba tuliyoiendea aliijenga babu yake baba katika karne ya kumi na tisa, kwa mali ya karafuu. Nyumbani kwetu Unguja ilikuwa ikitajwa kwa sauti ya chini, kama kitu ambacho mtu akikisifu mno kitamtoka. Mimi nilikuwa nimeijenga moyoni mwangu nyeupe, yenye roshani na mapazia.

Nilipoiona niliogopa. Ilikuwa ghorofa tatu, rangi ya udongo mkavu, imesimama baina ya nyumba nyingine kama yake katika mtaa wa kale wenye lango lake. Ukuta wa chini haukuwa na dirisha hata moja, ila matundu membamba ya kutolea mtutu wa bunduki. Kitu kimoja tu nilikitambua, nacho ni mlango: mbao mbili za msaji, mfaa katikati umechongwa maua, misumari ya shaba safu kwa safu. Ulikuwa mlango wa Unguja, umevuka bahari ukapanda jangwa ukaja kusimama hapa. Ndani ya ubao wake mmoja kulikuwa na kimlango kidogo, na hicho ndicho kilichofunguliwa. Tuliingia tumeinama.

Aliyetufungulia alikuwa Bibi. Alikuwa shangazi yake baba, dada wa marehemu babu yangu kwa baba mmoja, mwanamke mwembamba aliyepita miaka themanini, uso ndani ya barakoa, mkononi fimbo ya mkunazi. Nikamwinamia, nikasema, "Shikamoo, Bibi." Akamtazama baba, akauliza kwa Kiarabu huyu binti anasema nini. Hakuwa na neno moja la Kiswahili, au hivyo ndivyo tulivyodhani sote, yeye mwenyewe akiwemo. Wanawe walikuwa Kuwait wakitafuta kazi, na katika nyumba ile yenye vyumba zaidi ya ishirini alikuwa akiishi katika viwili.

Baba alifurahi kama mtu aliyepewa kitabu. Kazi ya serikali aliyoahidiwa ilikuwa bado haijatoka, basi siku zile alizitumia kunisomesha nyumba. Alinionyesha kuwa vyumba vyote vina upana mmoja, virefu kama vichochoro, akaniambia sababu yake ni boriti za dari. Zilikuwa boriti za mikoko kutoka pwani ya Afrika, na mti wa mkoko hauendi zaidi ya urefu wake. "Mwenye nyumba hakuchagua upana wa chumba chake," alisema. "Mti ndio uliomchagulia." Alinionyesha saruji, ambayo kwetu Unguja ni ile ya mfuko, kumbe kwa wenyewe ni udongo unaochomwa kwa magogo ya mtende, ukapondwa, ukapigwa kwa maji mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Chini kulikuwa na ghala ya tende, sakafu yake imechimbwa mifereji ambamo asali ya tende ilikuwa ikitiririka hadi kwenye mtungi. Ghorofa ya kati ilikuwa sebule ya wanaume, dari imepakwa nyekundu na nyeusi, aya za Qurani zimezunguka pande zote. Ghorofa ya juu ilikuwa ya wanawake.

Ni huko juu nilikoanza kulisikia lile neno.

Kila Bibi alipopanda, akifika kwenye ujia mwembamba baina ya ngazi na chumba chake, alisimama mbele ya ukuta mtupu, akasema taratibu, "Hudi." Kisha alinyamaza kidogo, halafu akenda zake. Mwanzo nilidhani anamtaja Nabii Hud. Lakini siku moja nilikuwa nyuma yake nimebeba mtungi wa maji ya falaji, ule mfereji wa mtaa, nami nikasimama aliposimama, na kile kituo chake kikanishitua. Mtu akilitaja jina la Nabii haweki kituo namna ile. Mguu mmoja mbele, kichwa upande, sikio limetangulia: niliijua namna hiyo tangu utotoni. Ni ya mtu aliye mlangoni kwa jirani anayengoja kuitikiwa.

Bibi alikuwa akibisha hodi. Na mbele yake hapakuwa na mlango.

Nikamwambia baba, naye akamwuliza wakati tukinywa kahawa. Bibi hakupenda swali.

"Ndivyo tunavyosema hapa," alisema. "Ni neno la kuwatuliza wenye nyumba."

"Wenye nyumba ni nani, shangazi?"

"Wasioonekana," akajibu, akaokota tasbihi yake.

Tangu siku hiyo ujia ule ulinipa hofu. Nilipita haraka, ninasoma Ayatul Kursi, bega langu mbali na ukuta. Kuta nyingine za juu zilikuwa na joto la jua hadi magharibi, lakini ule ulikuwa na baridi muda wote. Mara moja, adhuhuri, niliupiga kwa fundo la kidole. Haukulia kama wenziwe.

Kisha mvua ikanyesha. Mvua ya Ibra haina desturi ya kuja, lakini ikija huja kama inayodai kisasi. Ilipokatika kidogo baba aliniita nje, upande wa mitende, naye amelowa mpaka ndevu.

"Unaiona ile milizamu?" aliniuliza.

Niliiona. Ilikuwa imechongwa kwa mti wa mtende, imetoka ukutani juu kabisa kama ndimi, na kila mmoja ulikuwa ukimwaga maji.

"Kila chumba cha juu kina paa lake lililoinamishwa, na kila paa lina mlizamu wake. Hesabu."

Nikahesabu sita.

"Na vyumba vya juu, upande huu?"

Nilivijua kwa kuvifagia. Vilikuwa vitano.

Kesho yake alitoa utepe wake, akanipa ncha moja niishike. Tulipima nje, kutoka kona hadi kona, futi sitini na mbili. Tukapanda juu tukapima chumba kimoja kimoja, na unene wa kila ukuta baina yao, tukajumlisha. Zilikuwa arobaini na tisa. Baba akarudia peke yake, akapata zile zile. Jua lilipoanza kuukausha ukuta wa nje tukaona na jambo jingine: plasta haikukauka sawasawa. Juu pale, chini ya mlizamu wa tatu, umbo la dirisha la upinde lilibaki limelowa, jeusi, kama jicho lililofumbwa. Mpaka alasiri likafifia, ukuta ukawa mtupu tena.

Baba alimwendea Bibi kwa adabu, akamwambia kuna chumba kimezibwa, pengine paa lake limeoza, nalo likianguka litavuta vingine.

"Mimi nikishakufa, bomoeni nyumba nzima," Bibi alimjibu. "Ukuta ule uacheni."

Baba hakurudia. Alichora ramani ya nyumba kwa wino, ghorofa kwa ghorofa, na mahali pale aliacha mstatili mweupe. Nilimkuta mara nyingi ameinamia karatasi ile bila kalamu mkononi.

Miezi ikapita, hari ikaingia. Alasiri moja nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya juu nachagua mchele, mgongo nimeupa ujia. Akili yangu ilikuwa Unguja kabisa, kwenye nyumba yetu ya Vuga, na mama yuko jikoni. Sikusikia fimbo ya Bibi ikinipita. Nilisikia neno tu, nyuma yangu, "Hudi," na mdomo wangu ukajibu kama ulivyojibu mara elfu maishani mwangu:

"Karibu!"

Fimbo ikaanguka. Nilipogeuka Bibi alikuwa amekaa chini, kiganja kimoja kakiweka ukutani, barakoa imelowa machozi. Hakunitazama mimi. Aliuambia ukuta kwa Kiarabu, "Niko hapa. Mimi niko hapa."

"Bibi," nilisema. "Ni mimi. Ni mimi niliyejibu."

Akageuka polepole. Nilidhani atanipiga.

"Neno hilo kakufundisha nani?"

"Hakuna aliyenifundisha. Ndivyo tunavyoitikia kwetu mtu akibisha mlangoni."

"Lirudie."

"Karibu."

Alifumba macho. "Ni jina la mtu," alisema. "Ni jina lake."

Nilimweleza kwa Kiarabu changu kibovu kuwa si jina. Maana yake ni ingia, sogea, njoo ndani. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo, "Miaka yote hii nimemwombea dua kwa jina hilo."

Baba alipokuja alitukuta bado tumekaa chini. Bibi alimwambia aketi, akatusimulia.

Alikuwapo mwanamke. Baba yake Bibi, yaani yule mwenye kuijenga nyumba, alimleta kutoka Unguja nyumba ilipokaribia kwisha. Alikuwa suria wake, mjakazi wala si mke. Nyumba ilikuwa ya mke mkubwa, mama yake Bibi, lakini chumba kimoja cha juu kilijengwa kwa ajili ya mgeni huyu. Hakujua Kiarabu zaidi ya sala. Watoto wa nyumba walikatazwa kumwendea, na Bibi, aliyekuwa mdogo wa miaka sita au saba, alimwendea kila siku. Mwanamke yule alikuwa na desturi moja tu: hakuruhusu mtu kuingia kwa ghafla. Sharti usimame mlangoni, useme lile neno, naye akujibu kwa lile jingine. Bibi aliipenda desturi hiyo kama mchezo. Katika nyumba yote ile, hicho ndicho kilikuwa chumba pekee kinachoombwa ruhusa.

"Alikufa nikiwa na miaka kumi na mbili," Bibi alisema. "Mama yangu akaamuru mlango uzibwe, na dirisha, upakwe plasta usionekane. Mimi sikuacha kubisha."

Baba akauliza, "Basi, shangazi, ni hayo tu?"

"Fungueni," Bibi alisema. "Mkifungua ndipo nitakapomaliza."

Baba alimtafuta fundi mzee wa kuta za udongo, mtu mwenye mikono myeupe ya chokaa. Alianza asubuhi, akigonga taratibu kwa patasi, asitikise boriti. Plasta ilitoka kwa vipande vipana. Nyuma yake palikuwa na matofali ya udongo yaliyopangwa ovyo, kazi ya mtu aliyeharakishwa. Fundi aliyatoa moja moja, na nyuma ya matofali ukajitokeza mlango. Ulikuwa mdogo, wa mti mwekundu, kizingiti chake cha juu kimechongwa mnyororo na maua.

Fundi akaupangusa vumbi kwa kilemba chake, akasita.

"Bwana," alimwambia baba, "komeo hili liko nje."

Nami nikaliona. Gogo fupi la mti lililokuwa likipita katika pete mbili za chuma, upande wa ujia, upande wetu. Vyumba vyote vya wanawake katika nyumba ile vilifungwa kwa ndani, kama inavyopasa. Hiki kilifungwa kwa nje.

Baba alikaa sakafuni palepale, kanzu yake ndani ya vifusi. Nikadhani ni hari. Nilimletea maji hakuyanywa.

"Baba yangu," alisema, "nyumba yetu ya Unguja aliitoa makomeo yote ya nje. Pingu, hasapa, pete, zote. Hata za jikoni na za choo. Mama akimwuliza, anasema yanaingia kutu. Sisi watoto tulikuwa tukimcheka." Alikuwa akinitazama mimi lakini nadhani hakuniona. "Hakupata kututajia mama yake hata siku moja."

Fundi alilivuta komeo. Mlango ulifunguka bila kelele, na hilo lilinitisha kuliko kama ungelia.

Harufu iliyotoka ilikuwa ya udongo mkavu na ya kitu kitamu kidogo, kama udi wa zamani. Giza lilikuwa zito, mpaka fundi alipovunja tofali mbili za dirisha na jua likaingia kwa mshazari. Sikuona mifupa wala hazina, mambo ambayo nilikuwa nimeyaota. Niliona chumba cha Unguja. Ukuta wa mwisho ulikuwa na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kutoka chini hadi juu, safu kwa safu, zenye vilele vya upinde na nakshi ya chokaa, kama zile ambazo kwetu watu huweka vyombo vya kauri. Hapakuwa na zidaka za namna ile popote pengine katika nyumba. Mtu alikuwa amemweleza fundi wa Ibra kwa ishara na kwa subira namna ya kuzijenga. Zote zilikuwa tupu. Chini kulikuwa na mkeka uliokuwa vumbi, na mtungi.

Kando ya dirisha, kwa kimo cha mtu aliyekaa, plasta ilikuwa na doa. Baba aliinama, akalitazama kwa muda mrefu, jicho lake la kazi likitafuta uvujaji. Hakukuwa na uvujaji. Lilikuwa doa la mafuta, jeusi katikati na la kahawia pembeni, na ukuta mahali pale ulikuwa laini, umesuguika. Ni kichwa cha mtu kilichoegemea hapo miaka.

Bibi alikuwa amesimama kizingitini. Hakuingia.

"Alikuwa na mtoto wa kiume," alisema. "Ndugu yangu, mdogo wangu kwa mwaka. Baba yetu alipotaka kurudi Unguja alisema anamchukua mtoto akasome, akawe mfanyabiashara. Mama yake abaki. Asubuhi ya safari ngamia walikuwa wamepakiwa pale chini ya mitende. Waliogopa atakimbilia msafara barabarani, aibu kwa watu. Wakafunga komeo. Mimi nikaambiwa nikae hapa hapa mlangoni, nisiguse."

Alionyesha kwa fimbo mahali alipokuwa amesimama.

"Alilia. Kisha akanyamaza, nadhani alisikia pumzi yangu. Akabisha kutoka ndani. Akasema, hudi. Mara ya kwanza kwa upole, kama tulivyokuwa tukicheza. Hudi. Hudi. Alinijua mimi tu, na neno hilo tu ndilo alilojua kuwa nalielewa. Nami komeo liko usawa wa kifua changu, mtoto mdogo angeweza kulivuta. Nilijua jawabu ni nini. Sikujibu."

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nikikumbuka nilivyokuwa nikiogopa fimbo ya mama, naona haikuwa hata nene," alisema Bibi.

Baba aliuliza swali ambalo jawabu lake alikwisha kulijua. "Mtoto huyo alikuwa nani, shangazi?"

"Baba yako."

Habari ilitembea mtaani kabla vifusi havijazolewa. Siku ya tatu alikuja mkubwa wa ukoo, mtu wa heshima, ambaye miezi miwili kabla alikuwa amezungumza na baba juu ya kunioza kwa mwanawe. Alikunywa kahawa, akala tende, akaulizia mvua. Kisha akasema, "Ukuta ule ulikuwa unawasitiri. Uzibeni. Watu husahau."

"Unamsitiri nani?" baba aliuliza.

"Wewe. Na binti yako huyu."

Baba alikuwa mtu mpole. Sikupata kumsikia akipaza sauti ofisini wala nyumbani, na siku hiyo pia hakuipaza. "Aliyekuwa humo ni bibi yangu," alisema. "Aliyenizalia baba. Nimechora kuta za watu miaka thelathini. Huo sitauchora."

Mgeni alitingisha kikombe chake, ishara kwamba ametosheka, akaondoka. Habari ya mwanawe haikutajwa tena. Nilisikitika kwa wiki moja, maana kijana mwenyewe nilikuwa nimemwona falajini akipita na alikuwa mzuri, kisha nikaacha.

Mimi ndiye niliyeomba nikae katika chumba kile. Baba alisita, lakini Bibi alisema, "Mwacheni." Tulilizibua dirisha lote, tukabadilisha boriti mbili, tukapaka chokaa kuta zote isipokuwa pale penye doa. Baba aling'oa komeo na pete zake. Kutoka dirishani niliona mitende, na juu ya mitende barabara ya mchanga inayokwenda Sur, bandari ya majahazi ya Unguja, inayoonekana kipande kirefu kabla haijazama nyuma ya kilima. Mtu aliyekaa pale penye doa aliiona yote.

Nitasema na hili, ingawa watu niliowaambia hawafiki watano. Adhuhuri moja, baba yuko Maskati na Bibi yuko kwa jirani, nilikuwa nimejilaza juu ya mkeka nikasikia mtu akibisha ujiani. Haikuwa "hudi". Ilikuwa "hodi", safi, kwa matamshi ya mjini kwetu, sauti ya mwanamke wala si mzee. Nikaitikia, nikaenda kufungua. Ujia ulikuwa mtupu na ngazi tupu, na mlango wa nje nilikuta umefungwa kama Bibi alivyouacha. Sikukimbia. Nilisimama kando, nikauacha mlango wazi, kama mtu anavyompisha mgeni. Nilikaa hivyo mpaka adhana ya alasiri. Sijui nilimpisha nani, wala kama alikuwa akiingia au akitoka.

Bibi aliishi miaka mitatu tangu hapo. Hakubisha tena ujiani. Alikuja tu, akaketi nami, akanisikiliza nikisema Kiswahili peke yangu. Siku zake za mwisho aliomba ahamishiwe kwenye chumba kile. Tukamtandikia chini ya zidaka. Asubuhi moja aliniambia kuna neno jingine amelikumbuka, nimwambie maana yake. Alilitamka kwa taabu, kama mtu anayetoa mwiba: "Manangu."

"Mwanangu," nilimwambia. "Maana yake mtoto wangu. Alikuwa akikuita hivyo?"

"Kabla ya siku ile," alisema. "Baadaye aliniitikia kila nilipobisha, mpaka alipokufa. Lakini neno hilo hakuniita tena."

Akageuza uso akatazama ukuta. Nilimshika mkono nikamwita hivyo mimi, mwanangu, mwanangu, mimi binti wa miaka ishirini nikimwita bibi wa miaka themanini na kitu. Sijui kama alisikia. Alifariki wakati wa dhuha, na tulimzika kabla ya alasiri.

Kazi ya baba ilitoka, mjini Nizwa. Alichora zahanati na skuli, ghorofa moja, za matofali ya simenti, madirisha mapana. Mimi niliolewa huko huko na mtu aliyezaliwa Tabora, ambaye ukoo wake haukuuliza habari za kuta. Watu wa mtaa wa kale Ibra nao walihamia nyumba mpya kando ya barabara ya lami, zenye umeme na maji ya bomba, na nyumba za udongo zisipokaliwa hazidumu. Saruji hutaka mkono wa mtu kila mwaka.

Katikati ya miaka ya themanini tulikwenda kuiona, baba, mume wangu na wanangu watatu. Baba hakushuka garini. Alisema magoti yanamwuma. Mimi niliingia na mume wangu kupitia pengo la ukuta, kwa sababu mlango mkubwa ulikwisha kuuzwa na wanawe Bibi. Ghorofa ya juu ilikuwa imeshuka juu ya ile ya kati. Dari nyekundu ilikuwa chini, aya zimetazama mbingu. Watu walikuwa wamechukua boriti kwa mazizi ya mbuzi. Mume wangu alinishika mkono nisipande ngazi, akasema, "Mama watoto, please, hii si salama," nami sikupanda.

Niliporudi garini baba hakuniuliza nimeona nini. Alisema, "Twendeni Sur."

Wanangu walishangilia bahari. Tulifika alasiri, wakakimbilia maji na baba yao. Baba yangu alikwenda moja kwa moja kwa mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini mlangoni pa duka lake, mzee sana. Alimsalimu, akamwuliza, zamani, kabla ya magari, msafara wa ngamia kutoka Ibra ulikuwa ukichukua siku ngapi kufika hapa.

"Siku nne," alisema yule mzee.

Baba akamwuliza, na mtoto mdogo akiwemo?

Mzee alifikiri kidogo. "Mtoto wa umri gani?"

"Miaka sita."

"Na mama yake?"

"Bila ya mama yake."

"Basi tano," alisema mzee. "Kwa sababu siku ya kwanza hawaendi mbali. Mtoto hushuka kila mara akarudi nyuma, na mtu lazima amfuate."

Baba alimshukuru. Alisimama pale kidogo, kisha akaja kuketi nami juu ya mchanga, akawatazama wajukuu zake mpaka wakachoka kuoga.